Kutoka "Forswatt" Hadi "Forget": Mhadhara Juu ya Kiambishi Kilichozeeka

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu wenzangu na wanafunzi, habari za mchana.

Leo nazungumzia "for-", kiambishi cha kale cha Kiingereza, na naanza na mchungaji aliyechoka. Mwaka 1579 mshairi Mwingereza Edmund Spenser alichapisha mashairi ya wachungaji, moja kwa kila mwezi, na katika sehemu ya Aprili mmoja wao anajieleza kuwa ni "forswonck and forswatt". Neno la kwanza limejengwa juu ya "swink", kitenzi cha kale cha kufanya kazi ya sulubu. La pili limetokana na "sweat", yaani jasho. Hiyo "for-" iliyobandikwa mbele inaongeza kitu kimoja tu: mpaka basi. Kazi imemmaliza, jasho limemkauka. Sisi tungesema yuko hoi bin taabani.

Utamu uko hapa. Kitabu kile kilitoka na ufafanuzi wa maneno magumu, maana hata Waingereza wa wakati ule yalikuwa yamewapita. Mfafanuzi, tunayemjua kwa herufi E.K. tu, akaeleza kwamba "forswatt" ni kuunguzwa na jua. Jasho likageuka jua! Basi wewe wa kidato cha tano usijilaumu sana.

Tahadhari moja: msiichanganye "for-" hii na "fore-" ya "forehead" na "foresee". Ile ni mbele. Hii yetu ni ndugu wa "ver-" ya Kijerumani, na hubeba maana ya mbali, kabisa, hadi kuharibika. "Fordo" ni kuangamiza. "Forbled" ni aliyevuja damu mpaka akalegea, na "forwept" ni aliyelia hadi nguvu zikamwisha. Mshairi Mwingereza Chaucer, katika karne ya 14, anapomchora mtawa mmoja aliyenona, anasema hakuwa amepauka kama mzimu "forpyned", mzimu uliokondeshwa na mateso.

Mtu akiniuliza mbona Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo, namwambia tunacho, ila kiko mkiani. Tupa, halafu tupilia mbali. Shika, halafu shikilia. Potea, halafu, ukiwa na hasira, potelea mbali! Mwingereza wa kale alibandika kichwani, sisi twarefusha mwisho. Mimi "forsake" siifundishi tena kwa kamusi, naanza na tupilia mbali, na darasa linanielewa.

Maneno ya "for-" yaliyosalia tunayatumia kila siku bila kuyatazama usoni. "Forget": hiyo "get" asili yake ni kushika, kukamata. Kusahau basi ni jambo kukuponyoka mkononi. "Forgive" ni kutoa moja kwa moja, kuachilia unachodai, ndiyo maana hata deni husamehewa. Na "forlorn"? "Lorn" ni umbo la zamani la "lose", ambalo s yake imegeuka r, kama "was" inavyogeuka "were". Ni aliyepotea kabisa, "verloren" ya Mjerumani.

Neno hilo liliwahi kuniaibisha. Nilikuwa natafsiri habari ya kuzingirwa kwa ngome, nikakutana na "forlorn hope", nikaandika bila wasiwasi: tumaini lililopotea. Kumbe ni Kiholanzi, "verloren hoop", na "hoop" ni lundo, kundi la watu. Ni kikosi kinachotangulizwa kwenye ukuta uliobomolewa, na wengi wao hawarudi. Waingereza walisikia "hoop" wakaandika "hope". Nami ningeendelea hivyo hivyo, isipokuwa sentensi iliyofuata ilisema tumaini langu lililopotea limebeba ngazi na linapanda ukutani.