Kahawa ya Plumstead, Kipande cha Shingoni: Forensiki Ilikotoka

KAMAU: Karibu msikilizaji, uwe kwenye matatu au jikoni. Mimi ni Kamau, na niko tena na Mwalimu Zuhura.

ZUHURA: Nimeshakaribia. Hiyo mvua inayopiga mabati huko nje, mtatuvumilia.

KAMAU: Mwalimu amefundisha kemia. Mimi nimeandika habari za mahakama pale Milimani mpaka mabenchi yamenizoea. Leo tunazungumzia forensiki, yaani sayansi inayoitwa kizimbani kutoa ushahidi. Na nina kero ya kuanzia. Kesi ina damu, ina nguo, ina silaha. Siku ya hukumu, mshukiwa anatoka mlango wa mbele akipunga mkono. Inakuwaje?

ZUHURA: Kero hiyo ni ya kale. Twende Uingereza mwaka 1833, Plumstead, karibu na London. Mzee mmoja mwenye mali, George Bodle, anakunywa kahawa yake ya asubuhi, anaanza kutapika, anafariki. Anayeshukiwa ni mjukuu wake, John. Kahawa inapelekwa kwa mkemia James Marsh, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha silaha cha Woolwich. Marsh anapitisha gesi yenye salfa ndani ya kile kimiminika, anapata mashapo ya manjano. Ni arseniki, ile sumu.

KAMAU: Kesi imekwisha.

ZUHURA: Wapi! Hadi siku ya kesi, yale mashapo yalikuwa yameharibika. Raia waliokaa kuamua walitazama, hawakuona cha kuwashawishi, John akaachiliwa. Baadaye alikuja kukiri mwenyewe kwamba ni yeye.

KAMAU: Alaa! Na akakaa nyumbani kwake?

ZUHURA: Kwa mauaji yale walikuwa wameshamwachilia. Marsh alikasirika sana. Kwa hiyo akatafuta njia ambayo hata asiyejua kemia angeiona kwa macho yake, akaichapisha 1836. Unachukua unachokishuku, iwe chakula au kipande cha tumbo la marehemu. Unakitia kwenye chupa yenye zinki na asidi. Gesi ya hidrojeni inafoka. Kama kuna arseniki, inapanda pamoja na ile hidrojeni. Unaiwasha kwenye ncha ya mrija, halafu unashika kigae baridi cha kauri mbele ya ule mwali. Papo hapo kigae kinapata doa jeusi linalong'aa kama kioo. Hilo doa unalifunga, unaenda nalo mahakamani, unampa mtu ashike.

KAMAU: Kwa hiyo alichobuni ni kielelezo kisichooza.

ZUHURA: Ndiyo hasa! Kujua alijua tangu mwanzo. Shida ilikuwa kuonyesha. Mimi huwa nasema forensiki ya kisasa ilianzia hapo, ingawa najua wataalamu wengine watanipinga, kila mmoja ana baba yake wa forensiki.

KAMAU: Na hiyo njia haikuwa na kasoro?

ZUHURA: Ilikuwa kali mno, na ukali wenyewe ukawa hatari. Zinki yenyewe ikiwa chafu ina arseniki ndani yake. Udongo wa makaburini pia. Mwaka 1840 Ufaransa, mwanamke aitwaye Marie Lafarge alishtakiwa kumwua mumewe. Wakemia wa pale walipima wakasema hawaoni sumu. Akaletwa bingwa kutoka Paris, Mathieu Orfila, naye akaipata. Lakini hakuishia hapo. Ilimbidi aonyeshe kwamba sumu haikutoka kwenye kemikali zake wala kwenye udongo wa kaburi. Marie akahukumiwa maisha.

KAMAU: Mwalimu, ngoja. Kila unapotaja mwanzo, ni Mzungu na chupa yake. Kwani watu wengine walikuwa wamelala?

ZUHURA: Hawakulala. Mwaka 1247, karibu miaka 600 kabla ya Marsh, jaji Mchina aitwaye Song Ci aliandika mwongozo wa kuchunguza maiti: namna ya kumtofautisha aliyezama na aliyetupwa majini akiwa ameshakufa, aliyejinyonga na aliyenyongwa. Ndani yake kuna kisa cha mtu aliyekatwakatwa, na majeraha yanaonekana kuwa ya mundu. Mchunguzi akaamuru kila mtu wa jirani alete mundu wake, ikapangwa chini, juani. Mundu ni mingi, yote imeoshwa. Nzi wakaenda kukusanyika kwenye mmoja.

KAMAU: Nzi wakatoa ushahidi!

ZUHURA: Mwenyewe akakiri.

KAMAU: Sasa nipishe nije kwenye alama za vidole, maana hapo ndipo hadithi inafika Nairobi. Wasikilizaji wengi wameshapitia. Umepata kazi, wanataka cheti cha maadili mema, unaenda kuchukuliwa alama. Afande haulizi, anakishika kidole chako kama si chako, anakiviringisha kwenye wino kutoka upande mmoja wa ukucha hadi wa pili, kisha kwenye karatasi. Ukijaribu kumsaidia, unaharibu.

ZUHURA: “Legeza mkono!”

KAMAU: “Legeza mkono, madam!” Vyote kumi. Halafu unatoka na kitambaa kichafu, na wino bado umejificha kwenye kucha hadi jioni.

ZUHURA: Na mambo hayo hayakuanzia polisi. Mwaka 1858, huko Bengal, India, ofisa Mwingereza William Herschel alimwagiza mkandarasi vifaa vya barabara. Akaona sahihi pekee haitoshi, huyu anaweza kuikana. Akampaka wino kiganja kizima, akakigandamiza nyuma ya mkataba.

KAMAU: Angeishi Nairobi na wauzaji wetu wa ploti, angewapaka hadi nyayo. Baadaye serikali ya kikoloni ilikuwa na malundo ya alama na hakuna wa kuyapanga. Ukiwa na karatasi laki moja, unampataje mtu mmoja? Kazi hiyo waliifanya wasaidizi wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Walitazama vidole kumi, wapi kuna mzunguko na wapi hakuna, wakagawa karatasi zote kwenye makundi 1,024. Ofisi ya kwanza ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897. Mfumo ukapewa jina la bosi wao, Edward Henry. Mwaka 1901 Henry akaufikisha polisi wa London.

ZUHURA: Jasho la wengine, jina la bosi.

KAMAU: Sasa uone ulivyotua huku. Sheria ya kusajili wanaume Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume kuanzia miaka 16 alipewa kipande: jina, kabila, alama za vidole, aliyemwajiri, mshahara wake. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kijisanduku cha chuma, ikavaliwa shingoni. Ukiacha kazi bila mwajiri kutia sahihi, wewe ni mtoro, na vidole vyako vinajulikana. Hakuna mauaji, hakuna wizi, ni kutafuta kazi tu. Machi 1922 watu walijaa nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi wakidai Harry Thuku, kiongozi aliyewatetea wafanyakazi, aachiliwe, na kipande kilikuwa miongoni mwa yaliyowachoma. Wakapigwa risasi. Barabara inayopita hapo leo inaitwa Harry Thuku.

ZUHURA: Napita hapo mara nyingi, na nikiona foleni ya vijana wanaotafuta alama za kazi, huwa nakifikiria kile kipande.

KAMAU: Mimi sisemi alama ni mbaya. Nasema usiniambie zilibuniwa ili kukamata wauaji.

ZUHURA: Nakubali, ila upande wa wauaji nao haukuchelewa. Argentina, 1892. Francisca Rojas, watoto wake wawili wameuawa, anamsingizia jirani. Jirani anateswa, hakiri. Inspekta aliyetumwa anaona doa la damu kwenye mlango, alama ya kidole gumba. Anakata kile kipande cha mbao, anakibeba. Alama ni ya mama mwenyewe. Akakiri.

KAMAU: Alikata mlango?

ZUHURA: Alikata mlango! Hilo ndilo ninalolipenda. Hakukichora, hakukieleza, alikibeba chenyewe. Kisha mwaka 1910, Lyon, Ufaransa, Edmond Locard akapewa vyumba viwili vya darini kwenye jengo la mahakama, akaanzisha maabara ya polisi. Wazo lake kuu: watu wawili wakigusana, kila mmoja anaondoka na kitu cha mwenzake. Nywele, uzi, vumbi, poda.

KAMAU: Hapo ndipo mitaa yetu inaponiumiza. Mtu ameanguka barabarani, amechomwa kisu. Dakika tano, kuna watu mia, simu zote juu. Mmoja amegeuza maiti aone uso. Halafu mama mmoja, kwa huruma yake, anavua leso yake anamfunika.

ZUHURA: Na ile leso imekuja na nywele za wanawe, na nyuzi za kochi lake, na unga wa chapati.

KAMAU: Sasa utamwambia asimfunike?

ZUHURA: Siwezi, Kamau. Kumfunika maiti ni heshima, na mimi mwenyewe ningemfunika. Ningependa polisi wafike na shuka safi kabla yake. Mzigo huo ni wao, si wa yule mama.

KAMAU: Haya, DNA, yaani vinasaba vya mtu. Wengi wanadhani ni kama muujiza.

ZUHURA: Leicester, Uingereza, Septemba 1984, Alec Jeffreys anatazama filamu ya eksirei, anaona mistari inayotofautisha mtu na mtu. Karibu na hapo wasichana wawili, wote wa miaka 15, walibakwa na kuuawa, mmoja 1983 na mwingine 1986. Kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri mauaji ya pili. Jeffreys akapima: muuaji ni mmoja, na si yule kijana.

KAMAU: Alikiri na si yeye. Nimeona hilo kortini, mtu anakiri ili apate kulala.

ZUHURA: Kwa hiyo kazi ya kwanza kubwa ya DNA kwenye kesi ya mauaji ilikuwa kumtoa asiye na hatia. Ndipo wakapima maelfu ya wanaume wa vijiji vile. Muuaji, Colin Pitchfork, alimshawishi mwenzake wa kazini atoe damu kwa jina lake. Mwenzake akaropoka baa. Pitchfork alihukumiwa Januari 1988.

KAMAU: Maabara iko tayari, na bado baa ndiyo iliyomkamata! Hapa kwetu, Shakahola, Kilifi, 2023, wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, mingi haitambuliki kwa sura. Familia zikatoa sampuli, na miili ya kwanza ilikabidhiwa wenyewe Malindi, Machi 2024. Karibu mwaka mzima.

ZUHURA: Na msikilizaji aelewe, mashine haisomi jina. Inalinganisha. Lazima kuwe na mzazi, mtoto au ndugu wa kulinganisha naye. Baba, mama na watoto wakiwa wote wamo kaburini, unamtafutia nani?

KAMAU: Na kuna siku sayansi yenyewe inakosea. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni Madrid, FBI, wapelelezi wa Marekani, ilisema alama iliyopatikana kwenye mfuko wa vilipuzi ni ya wakili wa Oregon huko kwao, Brandon Mayfield. Alikaa ndani kama wiki mbili. Polisi wa Uhispania walikuwa na shaka tangu mapema, na wakampata mwenye alama: mtu mwingine kabisa. Marekani ikaomba radhi na kumlipa dola milioni 2.

ZUHURA: Alama zinafanana kuliko tunavyopenda kukiri, hasa ikiwa kilichopatikana ni nusu ya kidole, tena imepakazika. Mwenye kuamua ni jicho la mtu.

KAMAU: Na Milimani, nikuambie, wakili mzuri hapotezi muda kubishana na mashine. Anauliza kuhusu bahasha. Nani aliokota? Saa ngapi? Nani alitia lakiri? Ilikaa wapi kutoka Ijumaa hadi Jumatatu? Afande akisema “kwenye droo yangu,” unaona hakimu ameweka kalamu chini.

ZUHURA: Halafu uniambie walikifungia ndani ya nini hicho kielelezo. Nguo yenye damu mbichi ikitiwa kwenye nailoni, unyevu unabaki ndani, ukungu na bakteria vinaanza kazi, DNA inaliwa. Nguo inakaushwa kivulini, inatiwa kwenye karatasi.

KAMAU: Nailoni zilipigwa marufuku 2017, Mwalimu.

ZUHURA: Nenda sokoni kesho uniambie! Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu kuna anayetusikiliza ambaye litamhusu, yeye au dada yake. Mtu akibakwa, asioge, asifue. Aende hospitali kwanza, tena mapema: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na sampuli hupotea kila saa inayopita. Nguo alizovaa azibebe kwenye bahasha ya khaki, hata gazeti linatosha. Kama ameshaoga, aende vivyo hivyo. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, inaweza kufuata, matibabu hayasubiri fomu.

KAMAU: Na akifika kituoni aombe nambari ya OB, kitabu cha polisi cha kuandikia matukio, aiandike mwenyewe kwenye simu. Tumemaliza muda. Kipindi kijacho tutaongea risasi, jinsi mtutu unavyoacha mikwaruzo yake, na kwa nini Mwalimu haamini nusu ya yanayosemwa juu ya mikwaruzo hiyo.

ZUHURA: Robo tatu.