Gettysburg: Nyumba ya Abraham Brian

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi! Leo nipo Gettysburg, Pennsylvania. Hicho kishindo mnachokisikia nyuma yangu kisiwatishe, ni mizinga ya igizo. Kila mwaka mwanzoni mwa Julai watu hufurika hapa kukumbuka mapigano ya tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Marekani, likipambana na jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili yabaki na watumwa wao. Ukijumlisha waliouawa, majeruhi, mateka na waliopotea, wanafika kama 51,000. Siku 3 tu, jamani.

Ngoja niwasogezee kamera. Mwoneni huyo kijana wa sare ya buluu, anajaza gobore. Anang'ata karatasi, anamimina baruti mtutuni, anapachika fataki, anafyatua. Risasi hamna, lakini moshi ni wa kweli, na midomo imeshakuwa myeusi tii. Enzi hizo askari hodari alifyatua mara 3 kwa dakika. Na jua hili lote, sare ni ya sufu nzito!

Hapa tulipo ni shamba la mtu, nje ya hifadhi ya uwanja wenyewe wa vita. Wahifadhi hawaruhusu watu kuigiza mapigano palepale walipokufa wenzao, na mimi nawaunga mkono kabisa.

Ila kilichonileta hasa ni hii nyumba ninayowawekea sasa, nimeirekodi asubuhi ndani ya hifadhi. Ndogo, ya mbao, imepakwa rangi nyeupe. Ilikuwa ya Abraham Brian, mtu mweusi, huru, mkulima mwenye ekari 12 zake mwenyewe. Jeshi la Kusini la Jenerali Robert E. Lee lilipoingia Pennsylvania, lilikuwa linakamata watu weusi, hata waliozaliwa huru, na kuwapeleka Kusini utumwani. Brian akachukua mke na watoto, wakakimbia. Fikiria unaacha shamba lako na mazao yamesimama, kwa sababu ukikutwa unageuzwa mali ya mtu.

Tarehe 3 Julai, askari kama 12,500 wa Kusini walivuka uwanja wazi kuelekea kilima ilipo nyumba hiyo, mizinga ikiwamaliza njiani. Nyumba ya Brian ilikuwa kwenye mstari wa Muungano. Aliporudi alikuta kuta zimetobolewa na risasi, uzio hakuna, mazao yamekanyagwa. Akadai fidia ya dola 1,028. Serikali ikamlipa dola 15.

Sasa nisikilizeni. Nimelitazama igizo tangu mwanzo, nimeona farasi, bendera, majenerali wenye ndevu, na wameigiza vizuri sana. Familia ya Brian sijaiona. Hakuna aliyeigiza mama akifunga mzigo usiku na watoto wake. Hilo limeniuma, kwa sababu vita yenyewe ilipiganwa juu ya watu kama wao, na mtoto wangu niliyemleta hapa angeondoka akidhani watu weusi hawakuwepo.

Walikuwepo, tena hata baada ya bunduki kunyamaza. Mtu mmoja mweusi wa mji huu, Basil Biggs, ndiye aliyeongoza vibarua waliofukua zaidi ya miili 3,000 ya askari wa Muungano iliyofukiwa mashambani, ikazikwa upya kwa heshima kwenye makaburi ya taifa. Rais Lincoln alipokuja kutoa hotuba yake ya kuyazindua makaburi hayo Novemba 19, 1863, kazi hiyo ilikuwa bado inaendelea.

Biggs mwenyewe kazikwa kwingine, Lincoln Cemetery, makaburi ya watu weusi, barabara ya Long Lane, pamoja na askari weusi karibu 30 waliopigania Muungano. Ndiko ninakoelekea sasa hivi, video naiweka kesho.

Ndugu zangu mlioko Maryland na Washington, kuzunguka uwanja wa vita hamlipi chochote, makumbusho tu ndiyo yenye kiingilio. Leteni watoto. Mkifika Hancock Avenue, egesheni gari, muwaonyeshe nyumba ya Brian kabla ya sanamu za majenerali.