David Shepherd: Mchoraji wa Magarimoshi, Vita na Tembo

Ndugu zangu, karibuni. Jioni ya leo tumzungumzie David Shepherd, Mwingereza aliyezaliwa 1931 akafariki 2017. Wapenzi wa reli wanamhesabu kuwa wao, wanajeshi nao wametundika picha zake, na wengine wanamjua kwa tembo tu. Mimi namwona ni mtu wa kazi moja: alichora vitu vilivyokuwa vikitoweka, akaziuza picha ili vitu vyenyewe vibaki.

Mwaka 1949, kijana bado, alikuja Kenya akitaka kazi ya kulinda wanyamapori. Nairobi wakamwambia hawamhitaji. Akateremka Malindi, akapata kazi ya mapokezi hotelini kwa paundi moja kwa wiki. Hapo pwani akachora picha za ndege wa porini, akaziuza, akapata nauli ya meli ya kurudi kwao. London nako chuo cha sanaa cha Slade kikamkataa, eti hana kipaji. Aliyemshika mkono ni mchoraji Robin Goodwin, ambaye alimfunza miaka mitatu.

Alianza kwa kuchora ndege za abiria pale Heathrow. Kazi hizo zikamfikisha jeshini, na mwaka 1960 Jeshi la Anga la Uingereza likampeleka Aden, kisha Kenya. Wanajeshi wakamwambia ndege wanazirusha kila siku, awachoree mnyama. Akachora kifaru, akalipwa paundi 25. Wakati huohuo, huko Tanganyika, alikuta punda milia 255 wamelala wafu kwenye bwawa lililotiwa sumu na majangili. Tangu hapo akawa mtetezi wa wanyama maisha yake yote.

Picha za vita aliendelea nazo. Mojawapo ni ya mapigano ya daraja la Arnhem, Uholanzi, mwaka 1944. Lakini ninazozipenda zaidi ni zile za karakana za reli. Miaka ya 1960 Uingereza ilikuwa ikizifuta injini za mvuke, na Agosti 1968 zikakoma kwenye njia kuu. Shepherd alikuwa akiingia karakana kama Nine Elms, London, na kuchora humohumo, katikati ya moshi na masizi. Tazameni picha hizo kwa karibu. Ule uchafu ambao wengine wangeupaka mweusi mtupu, yeye kauona una rangi: wekundu wa kutu, buluu ya mafuta yaliyomwagika, na mwanga hafifu unaoshuka kutoka kwenye paa la vioo vilivyojaa moshi.

Mwaka 1967, baada ya maonyesho yake ya New York kuuza vizuri, alinunua injini mbili nzima. Moja, Black Prince, ina uzito wa zaidi ya tani 130 pamoja na tenda lake, yaani behewa la makaa na maji. Bila mahali pa kuziweka, aliishia kuanzisha reli yake huko Cranmore, Somerset.

Mwaka 1973 picha yake ya chui milia, Tiger Fire, ilichangisha paundi 127,000 kuwaokoa wanyama hao India. Kabla ya hapo picha zake zilikwisha kuinunulia Zambia helikopta ya kupambana na majangili. Rais Kenneth Kaunda alijua cha kumpa mtu wa namna hiyo: injini ya mvuke iliyoundwa Glasgow mwaka 1896, ambayo ilikuwa ikivuta magogo katika misitu ya Mulobezi, hukohuko Zambia.