Dagaa waingie kwenye kikontena cha mtoto

Ndugu wazazi, karibuni. Nitasema yale yale, na nitayarudia mpaka yabadilike. Asubuhi hii walimu wamenifungulia vikontena vya watoto wa chekechea: juisi ya boksi, biskuti za krimu, krispi, biskuti tena. Kimoja tu kilikuwa na kiazi kitamu. Na hapa ni Kigoma, mwalo wa Kibirizi, wanaposhushia dagaa, huu hapa!

Vinywaji vingi vya namna hii vina gramu 10 hivi za sukari katika kila mililita 100. Boksi la mililita 250 ni vijiko vidogo sita. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 sukari hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto wa miaka minne ni kama gramu 30. Saa nne asubuhi boksi moja limeshakula karibu kiasi chote.

Sasa dagaa. Mtoto anamla mzima, mifupa na yote, ndiyo maana anapata kalsiamu, pamoja na protini na madini ya chuma. Mtaniambia wananuka. Mama, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mchanga utoke, ondoa vichwa, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wakauke kau, kamulia ndimu. Harufu itakuwa ya ndimu. Mtaniambia watamkwama. Watwange! Ule unga nyunyiza juu ya kiazi kilichopondwa na mawese kidogo. Mawese hayo msiyachemshe mpaka yapoteze wekundu, maana wekundu ndio unaompa mtoto vitamini A. Mtaniambia ni chakula cha shida. Cha shida kivipi, wakati kila anayesafiri kwenda Dar es Salaam anaagizwa dagaa wa Kigoma? Na Ziwa Tanganyika likifungwa watu wasivue, kama Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, waliokaushwa vizuri mnaweza kuwa nao ndani. Nunueni mapema.

Naona baba pale anaangalia saa. Haya, haraka: karanga nzima msiwape hawa wadogo, zinapalia, zisageni. Chungwa liende pamoja na dagaa, linasaidia mwili kuchukua chuma. Chai ya rangi inazuia, ibaki nyumbani. Chupani maji tu.

Mayai tutayazungumza siku nyingine. Kesho saa mbili nipo hapa na jiko na kikaango. Njooni na kinu.