Smetana: kiziwi aliyeuandika mto

Haya jamani tuanze. Leo ni Bedřich Smetana, mana ukitaja mtunzi kiziwi kila mtu anakimbilia Beethoven, na huyu Mcheki nae alipitia makubwa sana.

Mwaka 1874 yuko Prague, ana miaka 50, ndo mwongozaji wa muziki kwenye jumba la opera. Masikio yakaanza kuvuma, akawa anasikia mluzi, sikio moja likaziba, na ilipofika Oktoba yote mawili kimya kabisa. Kazi ikaisha hapohapo. Na msiba haukua mgeni kwake, kati ya 1854 na 1856 alizika mabinti watatu, halafu 1859 mkewe Kateřina akafa kwa kifua kikuu.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Novemba na Desemba ya mwaka huohuo, uziwi una wiki chache tu, akaandika Vltava, ule muziki wa mto unaopita Prague, filimbi mbili zinaanza taratibu ndo chemchemi yenyewe hiyo, maji yanaongezeka, yanapita kwenye harusi ya kijijini watu wanacheza polka, usiku unaingia, maporomoko, mpaka mto unaingia mjini kwa kishindo. Hamna pahala analia humo! Ndo mana mimi siikubali ile kauli kwamba maumivu ndo yaliyompa muziki. Alichokua nacho ni miaka mingi ya kazi, alijua filimbi itatoka vipi hata kama haisikii. Ugonjwa ulimnyang'anya tu, hadi akashindwa kukaa mjini na 1876 akahamia kijiji cha Jabkenice kwa binti yake Žofie.

Ni huko alipomaliza kwarteti yake ya kwanza, "Kutoka maisha yangu", yaani muziki wa vyombo vinne tu: vayolini mbili, viola na selo. Ujana upo, polka ipo, mapenzi ya mkewe wa kwanza yapo kwenye sehemu ya tatu (mimi hiyo ya tatu huwa inanishinda kuisikiliza nikiwa na watu). Sehemu ya nne ni furaha tupu, halafu ghafla inakatika, vyombo vitatu vinatetemeka chini na vayolini ya kwanza inashika noti moja, E ya juu sana, haiachii. Alieleza mwenyewe kwamba ndo ule mluzi wa masikioni. Ila alichokua anasikia kichwani ni noti kadhaa kwa pamoja, na kwenye karatasi akaweka moja. Alichagua, yaani hata kwenye kidonda chake mwenyewe bado ni fundi.

Mwanzoni waliikataa wakasema ngumu mno kuipiga, 1878 ikapigwa faragha Prague, na viola akashika Dvořák, mtunzi mwenzake Mcheki.

Ile kwarteti ya pili, 1882 hadi 1883, ni habari nyingine. Ubongo umeshaguswa, madaktari wamemkataza kuandika kwa muda mrefu, anaiba dakika chache chache, na unasikia kabisa wazo linaanza linaachwa linakuja lingine. Wengine wanaiita ya kisasa kabla ya wakati wake, mimi naskia mtu anapambana kumalizia sentensi. Mei 1884 akafia hospitali ya wagonjwa wa akili, Prague.

Naiweka sasa ile sehemu ya nne ya kwarteti ya kwanza. Simu zimeni, na hiyo E ikiingia sikilizeni vyombo vitatu vya chini vinafanya nini, mana baada ya hapo ndo tunaanza maswali.