Kijiji Kisichokuwa na Shamba: Lamalera na Milima Inayokilisha

Waheshimiwa wenyeji wangu, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mliokubali kuja kukalia viti hivi vigumu jioni yote, ahsanteni.

Mtaje Lamalera, kijiji cha wawindaji wa nyangumi huko Indonesia, mbele ya mtu aliyewahi kuisikia, atakuambia jambo moja tu: yule mwanamume aliyesimama kwenye omo ya mashua, chusa mikononi, anayeruka mzimamzima na kumwangukia nyangumi mgongoni. Picha hiyo imezunguka dunia nzima. Wapiga picha wameifuata, watu wa televisheni wameifuata, na kila aliyeiona ama amestaajabu ama amekasirika. Mimi leo nitamruhusu bwana huyo aruke mara moja, halafu nitamwacha hukohuko majini, maana anayenishughulisha ni mwanamke anayepanda mlima alfajiri na beseni kichwani. Nadhani tukimwelewa huyo mama tutakielewa kijiji, na tukimkosa tutabaki na sarakasi ya baharini.

Tuanze na ramani. Mnaona Bali hapa. Nendeni mashariki, mpite Lombok, Sumbawa na Komodo, mfike Flores. Flores inapokwisha kuna mji wa bandari unaoitwa Larantuka, na mbele yake visiwa vitatu vimefuatana: Adonara, Solor na Lembata. Huu ndio mkoa wa Nusa Tenggara Mashariki, mojawapo ya mikoa maskini zaidi ya Indonesia, wenye kiangazi kirefu na mvua chache. Lembata ilipata wilaya yake yenyewe mwaka 1999, makao makuu yakiwa Lewoleba, upande wa kaskazini. Lamalera iko upande wa pili, kusini, inatazama Bahari ya Savu. Kwa umbali si mbali na Lewoleba, ila kwa miaka mingi barabara ilikuwa ya mawe na mashimo, na abiria walisafiri kwa malori yaliyowekwa mabenchi ya mbao.

Kijiji chenyewe ni viwili kwa hesabu ya serikali, Lamalera A na Lamalera B, kimoja juu na kingine chini, jumla watu wapatao elfu mbili hivi. Kimebanwa kati ya maji na mteremko wa volkano ya Labalekang. Pwani ni kipande kidogo cha mchanga mweusi, na juu yake mabanda ya kuhifadhia mashua yamepangwa bega kwa bega. Nyuma ya mabanda ni nyumba, na nyuma ya nyumba ni mwamba. Hapo ndipo habari yote inapoanzia. Lamalera haina ardhi ya kulima. Wenyewe husimulia kwamba mababu zao walikuja kwa bahari: wengine wanataja Sulawesi, wengine kisiwa kilichoitwa Lapan Batan, kilichokuwa upande wa kisiwa cha Pantar na kuangamizwa na bahari. Walipofika Lembata walikuta nchi ina wenyewe. Wakapewa mahali pa kukaa, nao mashamba yakabaki kwa watu wa milimani.

Lugha yao ni Kilamaholot, inayosemwa Flores mashariki na katika visiwa hivyo vitatu, kila kijiji kwa lafudhi yake. Ni katika ukoo ule mkubwa wa lugha uliomzaa Kimalagasi, ambacho ndugu zake wa karibu wako Borneo. Watu wa ukoo huo walivuka Bahari ya Hindi na kuifikia Madagaska, na wanahistoria wengi huziona ngalawa zetu zenye matengo pande mbili kuwa ni alama ya safari zao. Mashua ya Lamalera nayo ina matengo pande mbili. Sitaendelea na hilo, maana nikianza habari za ngalawa hatutatoka humu.

Mashua hiyo huitwa téna, au kwa jina lililoenea Indonesia, peledang. Urefu wake ni mita 10 hadi 12. Haina msumari wa chuma. Mbao zimeunganishwa kwa vigingi vya mti na kufungwa kwa kamba. Tanga ni la makuti yaliyosukwa vipande vya mraba, kama mikeka midogo iliyoungwa pamoja. Kila mashua ni ya ukoo na ina jina lisilokufa: Praso Sapang, Kena Puka. Mbao zikioza, fundi huunda nyingine kwa vipimo vilevile vya wazee, nayo hurithi jina.

Msimu wao wa bahari, leva, huanza Mei na kuendelea hadi mwanzoni mwa Oktoba. Jumapili hawatoki, kwa kuwa ni Wakatoliki. Wamisionari Wajesuiti walibatiza huko tangu mwaka 1886, na kuanzia 1920 Padre Bernhard Bode akaweka dini mizizi. Nje ya msimu mashua hukaa mabandani, lakini akionekana nyangumi kutoka pwani, mtu mmoja hupiga kelele, "Baleo!" Kijiji kizima huipokea sauti hiyo, na kila mwanamume huacha alilokuwa akilifanya na kukimbilia mchangani.

Haya, bwana wetu na aruke. Huyo ni lamafa. Anasimama kwenye jukwaa la mianzi lililochomoza mbele ya omo, wapiga makasia nyuma yake wakijitahidi kwa nguvu zote. Anayemtaka ni kotekelema, nyangumi mwenye meno, ambaye dume lake laweza kufika mita 16 na kuishinda mashua yenyewe kwa urefu. Mkono peke yake hauwezi kupenya ngozi ile, ndiyo maana anaruka: uzito wa mwili ndio unaokishindilia chuma. Chuma kimefungwa kwenye kamba iliyosokotwa kwa pamba na nyuzi za miti, na kamba hiyo ina heshima kuliko chombo kingine chochote. Nyangumi akikimbia, mashua inakokotwa. Kamba ikimzinga mtu, mguu unakwenda. Mwaka 1994 mashua zilivutwa mbali mno kuelekea Timor, na baadhi ya mabaharia waliokolewa na meli ya watalii. Nyangumi wakubwa wasio na meno hawawindwi, kwa kuwa masimulizi ya mababu yanawaheshimu. Mwaka mzuri hupatikana nyangumi ishirini au zaidi. Mwaka mbaya, wawili watatu.

Sasa tumwache majini kama nilivyoahidi.

Mnyama akishavutwa hadi mchangani, hugawanywa kwa mistari ambayo kila mtu anaijua tangu utotoni. Utadhani ni mirathi inayogawiwa mbele ya kadhi. Kuna fungu la waliokuwa ndani ya mashua. Kuna fungu la wenye hisa katika mashua hata kama hawakutia mguu majini siku hiyo, la fundi aliyeiunda, la mhunzi aliyefua chuma. Kichwani pana sehemu ya koo zenye nchi, wale waliowakuta hapo walipofika. Wajane na wasio na mwanamume wa kwenda baharini kwa ajili yao hupata kwa njia ya jamaa. Mtu wa nje akiona damu na visu hudhani ni vurugu, kumbe hakuna kipande kinachokatwa ambacho hakina mwenyewe.

Baada ya hapo kazi inahamia mikononi mwa wanawake. Nyama hukatwa vipande virefu vyembamba na kuanikwa kwenye fito za mianzi mbele ya nyumba, siku kadhaa, jua likiikamua. Mafuta hudondoka, na chini yake wametega vyombo kuyakinga, kwani ni ya kupikia na ya taa. Harufu yake, wanaoijua wanasema, hukaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Nami nauliza: kijiji cha watu elfu mbili, nyangumi mmoja wa tani thelathini, hakuna friji, hakuna kiwanda, nyama yote hiyo ya nini?

Ni ya mahindi.

Kipande kimoja cha nyama kavu, kwa desturi, hubadilishwa na mahindi 12, au ndizi 12. Kumi na mbili ndiyo hesabu, na wazee wamelelewa nayo. Mama wa Lamalera huondoka kungali giza, beseni kichwani, ndani yake nyama, samaki wakavu, chumvi aliyoichemsha mwenyewe, na chokaa ya kutafunia tambuu. Anapanda hadi vijiji kama Puor na Imulolong, nyumba kwa nyumba. Mara nyingi nyumba anazoingia ndizo alizoingia mama yake. Anajua nani anapenda shahamu na nani anataka samaki taa mkavu. Mwaka ambao bahari imenyima, hupewa mahindi kwa ahadi. Na mvua ikikataa mlimani, wao ndio wanaoteremka kuomba samaki. Deni hilo haliandikwi popote.

Jumamosi wanakutana katikati, kwenye soko la Wulandoni, pwani. Hili soko nalipenda kuliko jambo lolote katika habari hii. Wa mlimani huweka mihogo, mahindi, ndizi, mboga, tambuu na popoo. Wa pwani huweka samaki na nyama. Wanatazamana. Yule mama ameshaliona lile chane la ndizi, na mwenye ndizi ameshaona kuwa ameonwa, lakini hakuna anayenyanyua mkono. Afisa wa soko anapita kwanza kukusanya ushuru, naye halipwi fedha: anapewa mahindi hapa, samaki pale, anatia kwenye chombo chake. Kisha anapuliza filimbi. Ndipo soko linapolipuka, wote kwa mara moja. Wachumi hutufundisha kwamba biashara ya mali kwa mali ilikufa kwa sababu ni ngumu mno, kwamba mwenye samaki lazima amtafute mwenye ndizi anayetaka samaki. Wulandoni hawamtafuti. Wanajuana tangu bibi zao, na bei haipandi wala haishuki kwa sababu rupia imeyumba Jakarta.

Jambo jingine, la mahari. Katika nchi ya Walamaholot, mahari ni pembe za ndovu. Tazameni tena ramani mniambie ndovu wako wapi. Hawako Lembata, hawako Adonara, hawako Flores. Pembe zililetwa na wafanyabiashara wa baharini karne nyingi zilizopita, Wareno wakiwa miongoni mwao. Walijenga ngome Solor mwaka 1566, wakifuata msandali wa Timor, na Waholanzi wakaiteka mwaka 1613. Pembe zilizoingia wakati huo bado zinazunguka. Hupimwa kwa mkono: kutoka ncha za vidole hadi kiwikoni, hadi begani, hadi mkono wa pili. Ukoo unaooa hutoa pembe, ukoo unaoozesha hujibu kwa vitambaa vilivyofumwa na kutiwa rangi na wanawake, na desturi inataka wanaokupa wake wasichukue wake kwako. Hivyo A anaozesha kwa B, B kwa C, C kwa A, na pembe inasafiri kinyumenyume hadi inarudi ilikotoka. Familia nyingi leo hazina pembe yoyote. Hukopa, au hukubaliana thamani yake kwa fedha. Sisi wa pwani hii, ambao bandari zetu zilisafirisha pembe kwa mamia ya miaka, mara chache tumejiuliza zilikwenda kufanya nini huko zilikofika.

Turudi kwa nyangumi, kwa upande ambao wapiga picha huukosa. Kabla ya misa ya kufungua msimu, inayosomwa pwani tarehe 1 Mei, watu wa ukoo wa Langofujon, wenye nchi, hupanda mlima wa Labalekang. Huko kuna jiwe wanalolisema lina umbo la nyangumi. Wanafanya tambiko, kisha wanateremka njia ile kituo kwa kituo hadi baharini. Nyangumi, kwa imani hiyo, anaitwa kutoka mlimani. Mimi siwezi kuiona kuwa ushirikina wa kupita: wamewapa wenyeji wa nchi kavu ufunguo wa bahari, na wale wa bahari hawawezi kuanza bila wao.

Wageni waliokuja kuisaidia Lamalera wengi hawakuliona hilo. Mwaka 1973 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilileta mtaalamu wa Kinorwei na meli ya kisasa ili uwindaji uwe na tija. Baada ya miaka michache mradi ukafungwa, watu wakaendelea na mashua zao. Mwaka 2009 ukaja mpango wa hifadhi ya Bahari ya Savu, na kijiji kikapinga kwa nguvu; hifadhi ilipothibitishwa mwaka 2014 maji yao yalikuwa yameachwa nje. Indonesia si mwanachama wa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, kwa hiyo marufuku ya mwaka 1986 ya kuwinda nyangumi kwa biashara haiwagusi. Lakini taa wakubwa wa manta wamelindwa kisheria tangu 2014, na hilo limewabana. Ng'ambo, kisiwani Solor, kuna Lamakera, kijiji cha Waislamu wawindaji vilevile. Wao waliingia soko la China la matamvua ya manta, na manta wakapungua vibaya. Tofauti ya vijiji hivi viwili si dini wala ushujaa. Mmoja alipata mnunuzi ambaye hashibi, mwingine alibaki na mnunuzi ambaye tumbo lake analijua.

Sisemi Lamalera haina hatia. Nyangumi yule ni kiumbe aliye hatarini, na anayewatetea wanyama hao ana hoja ambayo siwezi kuipuuza kwa sababu tu soko la Jumamosi linanipendeza. Nasema anayetaka uwindaji ukome aje na jibu la mahindi.

Na huenda jibu linakuja lenyewe. Ada za shule hazilipwi kwa ndizi. Vijana wanakwenda Kupang, mji mkuu wa mkoa, kusoma, wengine Sabah, Malaysia, kufanya kazi za mashamba, na wanaleta fedha zinazonunua mchele dukani. Mashua za injini, wanazoziita jonson, zimechukua sehemu kubwa ya kazi, nazo zinataka petroli, na petroli inataka rupia. Katika baadhi ya nyumba za mlimani, mama akifika na beseni anaulizwa siku hizi: je, utauza?

Nimekula muda wa maswali. Mzee wangu wa pale mbele alinyanyua mkono tangu nilipotaja pembe. Tafadhali, baba, karibu kipaza sauti.