Tabibu wa Misri Mbele ya Fuvu Lililopasuka

Mabibi na mabwana, nianze na mgonjwa asiye na jina. Fuvu limepasuka, na tabibu ametia vidole ndani ya jeraha. Anasema alichokigusa kina mikunjo kama ile ya shaba iliyoyeyushwa, tena kinapwita kama utosi wa mtoto mchanga. Hayo ni miongoni mwa maelezo ya kale kabisa ya ubongo tuliyonayo.

Yamo katika hati ya mafunjo ambayo Mmarekani Edwin Smith aliinunua Luxor, mji wa Misri, mwaka 1862. Ilinakiliwa yapata 1600 kabla ya Kristo kutoka maandishi ya zamani zaidi, na ina visa 48, kuanzia kichwani kushuka chini. Tafsiri ya James Henry Breasted, mtaalamu wa Misri ya kale, ilitoka 1930.

Dawa zenyewe ni chache: nyama mbichi siku ya kwanza, kisha asali na mafuta. Mimi navutiwa na uamuzi. Tabibu akishapapasa, hutamka moja kati ya matatu kuhusu ugonjwa: nitautibu, nitapambana nao, hautibiki. Yule wa mikunjo aliangukia fungu la tatu, lakini hakutupwa. Jeraha lake lilipakwa mafuta, likaachwa bila kufungwa. Mwingine mwenye ufa aliketishwa kwa kuegemezwa matofali huku na huku, akala chakula chake cha siku zote, mpaka ijulikane anaelekea wapi.

Na hawa Wamisri ni watu walioamini kwamba akili inakaa moyoni! Katika kuhifadhi maiti walibakiza moyo, ubongo wakautoa. Hata hivyo tabibu huyu anamwona aliyepigwa kichwani akiburuta mguu; aliyevunjika mfupa wa panja, ukimwita haitikii. Anaandika alichokiona, imani au si imani.

Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, Wagiriki wa mkondo wa tabibu Hippocrates waliandika kwamba jeraha la panja la kushoto huleta mtukutiko upande wa kulia. Wao walitoboa fuvu, lakini kwa tahadhari: chombo kilichovywa kila mara katika maji baridi kisiunguze mfupa.

Hapa kwetu nako, kule Kisii, waganga wa Abagusii waitwao ababari walifungua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani na maumivu yakakataa kuisha. Mfupa ulikwanguliwa kidogo kidogo, na utando unaofunika ubongo haukuguswa. Kazi hiyo iliendelea hadi ndani ya karne ya 20.